Kilima cha Waliokanwa

Kitasa cha mlango bado kimo mkononi mwa Blandina, wasomaji, na mlango umeshafunguka. Ndani, sebuleni kwake Thornton Heath, kusini mwa London, kwenye kiti cha mama yake, ameketi mama yake.

Bi Jedidah alikuwa ametoweka tangu Jumapili. Sasa yuko pale, mguu mmoja juu ya mwingine, anasoma gazeti la Kiingereza.

Bi Jedidah hajui kusoma Kiingereza.

"Umewahi leo, kipenzi," kile kitu kilisema bila kuinua macho. "Chai iko tayari."

Kilisema kwa Kiingereza cha watangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi. Uso ulikuwa ule ule: baka chini ya jicho la kushoto, mwanya kwenye meno ya mbele. Lakini nywele zilikuwa zimetengenezwa saluni, gauni lilikuwa la sufu, na visigino ndani ya vile viatu vilikuwa laini kama vya mtoto. Bi Jedidah wa Muheza, aliyelima maisha yake yote, hakuwahi kuwa na visigino kama hivyo.

Mtu mwingine angepiga kelele. Blandina alifunga mlango nyuma yake, akavua koti, akaketi.

Akanywa chai.

Ili tumwelewe, turudi Jumapili kidogo. Siku hiyo wenzake wa hospitali walikuja kumpongeza, maana alikuwa amepewa uongozi wa wodi. Walikuja na mvinyo na maua. Mama alikuwa ameambiwa akae chumbani apumzike, lakini mama gani anakaa chumbani wakati binti yake ana wageni? Alitokea na sahani ya vitumbua, khanga kiunoni, kandambili miguuni, anacheka kile kicheko chake kinachofika mpaka mtaa wa pili. Nishma, meneja wa Blandina, akauliza kwa upole huyu ni nani.

Blandina alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha sebule. Alijibu kwa Kiingereza kwamba ni mama mmoja tu anayemsaidia kazi za nyumbani.

Kicheko kikakatika. Bi Jedidah aligawa vitumbua, akakusanya vikombe, akaosha vyombo vyote. Jambo ambalo Blandina hakumsimulia mtu yeyote ni kwamba mama alipompokea sahani, yeye alimshukuru kwa Kiingereza, kwa sauti ile anayotumia kwa wafagizi wa wodini.

Usiku ule mama akatoweka. Kesho yake Blandina alikwenda kituo cha polisi. Alipoulizwa aliyepotea ni nani wake, alitazama chini, akasema amekosea jengo, akatoka. Kazini akapiga simu kuwa anaumwa mafua.

Na sasa yuko hapa, anakunywa chai na kitu kilichovaa sura ya mama yake, na chai ni tamu.

Kengele ya mlango ililia. Alikuwa Nishma, ametoka Hayes baada ya zamu yake, amemletea mgonjwa supu. Kile kitu kikasimama, kikampa mkono, kikamkaribisha kiti. Kikamuuliza habari za bustani yake na za watoto wake. Baada ya muda mfupi Nishma alikuwa akicheka kama yuko kwa shangazi yake.

"Na huyu ni nani?" Nishma alimuuliza Blandina.

"Ni mama yangu," Blandina alisema.

Maneno yalitoka yenyewe, mepesi, na yalitoka kwa fahari. Hapo ndipo akakumbuka. Uso ule ule ulikuwa umemwandalia Nishma vitumbua Jumapili, na Nishma hakuutambua. Alikuwa ameambiwa ni wa mtumishi, basi hakuutazama.

Nishma alipoaga alimwambia Blandina ana bahati kuwa na mama wa namna hii, na akashangaa kwa nini hakuwahi kumtaja.

Blandina alikwenda jikoni kujificha. Alitaka maji. Alifungua kabati la chini ya sinki na mkono wake ukagusa kitambaa. Ilikuwa khanga ya mama, imefunga mbuzi ya kukunia nazi. Bi Jedidah aliileta kutoka Muheza ndani ya sanduku, na Blandina aliificha chini ya sinki kabla wageni hawajafika, ili isionekane.

Akainusa ile khanga. Mafuta ya nazi, karafuu, na jasho la mama yake. Akaketi sakafuni.

Kile kitu kilikuja hadi mlango wa jikoni, kikasimama. Hakikuvuka.

Kilimwomba kwa adabu sana akitupe hicho chuma nje. Blandina akainua mbuzi, ule ulimi wake wa chuma wenye meno ukaelekea mlangoni, na sura ya mama yake ikateleza upande kama karatasi iliyoloa. Chini yake hakukuwa na uso. Palikuwa na gome la mti.

Kilirudi nyuma, na Blandina akapita mbele yake akikimbia, mbuzi na khanga kifuani, akashuka ngazi, akatokea barabarani bila koti.

Kule London Road kuna duka la viungo la Bi Bhanu. Ni Mhindi wa Tanga, aliyeondoka Tanga msichana, na Kiswahili chake hakijaondoka kule mpaka leo. Huuza iliki, bangili na ubani, na mtaa mzima unanong'ona kwamba ni mchawi. Akiulizwa, huuliza na yeye: kwani una shida gani?

Hakushangaa kumwona Blandina anahema. Aliitazama ile mbuzi, akafunga duka kutoka ndani, na kumuuliza mambo mawili tu. Ulisema nini, na ulikuwa umesimama wapi?

Blandina alijibu akiangalia magunia ya mchele. Ilimchukua muda. Bi Bhanu hakumsaidia hata kwa neno moja.

"Binti, hao si majini wa kwetu," alisema mwishowe. "Majini wa kwetu wana adabu, hubisha hodi. Hawa ni Wenye Kilima. Walikuwa hapa kabla Waingereza hawajapewa jina hilo. Mtu aliye na mwenyewe hawamwibi. Wao huokota kilichotupwa. Umeona watu hapa wanavyotoa kochi wakaliweka barabarani, apitaye achukue? Mtu akikanwa kizingitini, kwao ni hivyo hivyo."

"Mimi sikumtupa."

Bi Bhanu alimtazama tu, na Blandina akajua kwamba huo ni uongo, na kwamba mwanamke huyu amechoka kusikia uongo.

Mchawi huyo alivua glavu ya mkono wa kulia, ambayo hakuna mteja aliyewahi kumwona bila hiyo. Vidole viwili vilikuwa vya mti, na gome lake lilikuwa limeota kuvu. Alieleza kwa kifupi kwamba aliwahi kuingia kilimani akiwa kijana, akasema uongo mmoja mdogo mle ndani, na kilima kikachukua chake. Kwa hiyo yeye harudi tena. Atakwenda nyumbani kwa Blandina, ataweka mbuzi kwenye kizingiti, na kile kitu hakitatoka nje. Mengine ni kazi ya Blandina.

"Watakuuliza," alisema. "Wewe jibu kweli. Kweli yenyewe, si ile uliyoizoea."

Basi Blandina akapanda tramu kwenda vilima vya Addington, katikati ya wanafunzi na akina mama wenye mifuko ya sokoni, akiwa bila koti, khanga ya mama yake begani. Watu walimtazama. Safari hii aliacha watazame, ingawa mkono wake ulitaka kuivuta ile khanga na kuikunja mfukoni. Mara mbili uliivuta, na mara mbili akaurudisha mkono magotini.

Jua la Novemba lilikuwa chini, lakini lilikuwepo. Alipita misonobari, akapita mzee anayetembeza mbwa, mpaka alipoona mwaloni uliopasuka shina ambao Bi Bhanu alimwelekeza. Aliuegemea na kusema amemfuata mama yake mzazi.

Shina likapanuka kama mtu anayepiga mwayo.

Ndani hakukuwa na giza. Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye mwanga wa kijani, na meza isiyoonekana mwisho wake, na Wenye Kilima wameketi wanakula. Walikuwa wazuri kwa namna ya kutisha, warefu, weupe kama uyoga, na macho yao hayakuwa na kiini. Wakicheka, hakutoka sauti.

Lakini Blandina hakuwatazama wao. Alitazama wanaohudumu.

Walikuwa watu. Walikuwa wazee wengi na wachache wasio wazee, kila mmoja na sinia mikononi, wanapita kati ya viti bila kuinua nyuso. Mwanamke mwenye kilemba cha Kinaijeria. Mwanamume wa Kiingereza mwenye kovu la moto shavuni. Babu mmoja wa Kihindi, sweta limetoboka viwiko, alimpisha njia na kumsalimia kwa Kiswahili cha Nairobi.

Alijitambulisha kuwa ni Rasik, wa Ilford. Mwanawe ni daktari wa meno. Alipokwenda kuposa, mwanawe aliwaambia wakwe kwamba baba yake alishafariki, kwa sababu baba alikuwa akiendesha kibanda cha chipsi na Kiingereza chake kina lafudhi nzito. Rasik aliyasema haya bila hasira. Alisema kijana alikuwa na haraka ya maisha.

Blandina hakuweza kumtazama usoni. Alimuuliza kama amemwona Bi Jedidah. Rasik akaonyesha kwa kidevu, lakini kabla Blandina hajageuka, ukumbi ukanyamaza.

Bibi wa Kilima alikuwa amesimama mbele yake. Hakuwa ametembea. Alikuwa tu pale, gauni lake la majani makavu likinong'ona.

"Umemfuata nani?"

"Mama yangu."

"Kwa nini ulimkana?"

Blandina alikuwa amejiandaa njia nzima. Alisema siku ile alikuwa amechoka, ametoka zamu ndefu, swali lilimshtua, neno likamponyoka.

Kitu kilimshika miguu. Akatazama chini. Mizizi ilikuwa imetoka sakafuni na kumzunguka vifundo, na pale ilipogusa ngozi, ngozi ilianza kuwa ngumu.

"Kwa nini ulimkana?"

Akasema alitaka kumlinda. Wale wageni wangemcheka, mama asingejua kuwajibu, angeumia. Alifanya kwa ajili yake mama.

Mizizi ikapanda hadi magotini. Hakuvihisi tena vidole vya miguu. Wenye Kilima wakaacha kula na kuinama mbele, kama watu wanaotazama mpira ukielekea golini.

Bibi wa Kilima hakupandisha sauti. Aliuliza mara nyingine, kwa upole ule ule.

Na Blandina akafumba macho.

"Nilimwonea haya," alisema. "Tangu alipofika uwanja wa ndege. Anavyoongea kwa sauti kwenye basi. Anavyosalimia watu asiowajua. Miguu yake iliyopasuka, anavyokula kwa mkono mbele ya majirani. Nilimnunulia viatu si kwa sababu ya baridi, niliona aibu ya kandambili. Miguu ile ilipasuka akinilipia ada, na mimi niliificha chini ya meza. Na leo kile kitu chenu kilipokaa kwenye kiti chake, sikukimbia. Nilikunywa nacho chai. Nilimwambia meneja wangu huyu ni mama yangu, na nilifurahi. Kwa muda ule sikutaka wa kweli arudi."

Mizizi ikamwachia. Damu ikarudi miguuni kwa maumivu yaliyomtoa machozi.

Alipofumbua macho, Bi Jedidah alikuwa amesimama nyuma ya bega la Bibi wa Kilima, sinia mkononi. Alikuwa amesikia neno kwa neno, na safari hii kwa Kiswahili.

Wasomaji, kuna aibu ya kukamatwa na kuna aibu ya kuonekana. Blandina alikuwa tayari kwa ile ya kwanza. Hii ya pili ilimpigisha magoti. Aliomba msamaha akiongea na sakafu. Alisema twende nyumbani, mama, alisema nitawaambia wote wewe ni nani.

Bi Jedidah hakulia. Alimtazama binti yake kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye homa imeanza kushuka.

"Inuka, Blandi," alisema. "Sakafu ina baridi."

Kisha akasema neno ambalo hata Bi Bhanu hakulijua.

"Hawakuniokota, mwanangu. Nilikuja mwenyewe."

Alisimulia kwa sauti ndogo, na Wenye Kilima hawakumkatiza. Jumapili, baada ya kuosha vyombo, alitoka kutupa taka. Mwanamke mrefu alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alimwambia kwa Kiswahili safi kwamba sasa hana mwenyewe, na kwamba wangeweza kumchukua hivi hivi. Lakini mama akiridhia mwenyewe kwenda, watamtimizia jambo moja. Je, kuna jambo angependa binti yake apate?

"Nikamwambia apate mama wa kukaa na wageni," alisema Bi Jedidah. "Anayejua Kiingereza. Asimwaibishe."

Blandina alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kile kitu sebuleni, na gauni lile la sufu, na chai ile tamu, vyote vilikuwa zawadi. Mama yake alikuwa amejitoa mwenyewe ili kumnunulia.

Bibi wa Kilima, ambaye hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika, alimweleza kwamba kweli imemkomboa yeye Blandina na anaweza kwenda. Mama hawezi. Aliyeshika sinia katika ukumbi huu haliweki chini. Linamtoka tu likipokewa na mwingine kwa hiari, na huyo mwingine ndiye anayebaki.

Bi Jedidah alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshausoma uso wa binti yake, kama alivyousoma tangu akiwa mgongoni.

"Usithubutu," alisema. "Mimi nimeshazeeka. Huku kazi si ngumu, chakula kipo. Wewe una maisha yako."

"Nipe, mama."

"Nimesema hapana."

Walivutana. Wanawake wawili, sinia moja, mbele ya meza nzima ya viumbe ambao hawajawahi kuona mtu aking'ang'ania utumwa. Bi Jedidah alikuwa na mikono ya jembe na angeshinda. Lakini Blandina alifanya jambo moja ambalo mama hakulitarajia. Alilipokea sinia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kupiga goti, kama binti wa kwao anavyompokea mkubwa wake mzigo. Miaka yote ya London hakuwa amepiga goti lile. Vidole vya mama vikalegea vyenyewe.

Sinia likabaki kwa Blandina. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri, na baridi yake ilimpanda hadi mabegani.

Nyuma yao shina la mwaloni likapanuka. Mwanga wa jioni ukaingia, na mlio wa tramu kutoka mbali. Bibi wa Kilima alimwonyesha Bi Jedidah mlango. Njia ni yake, akasema, aende kwa amani.

Bi Jedidah aliitazama ile njia. Akaitoa khanga begani mwa Blandina, akajifunga vizuri. Halafu akageuka, akapita mbele ya Bibi wa Kilima bila kumsalimia, akatembea kandokando ya meza na kandambili zake zikipiga sakafu. Kati ya Wenye Kilima palikuwa na kiti kimoja kirefu cha pembe za kulungu ambacho hakikuwa na mtu.

Akakivuta, akakikalia.

"Mimi sasa si mtumishi," alisema. "Basi ni mgeni. Binti yangu aniletee chakula, niko hapa mpaka amalize kazi."

Hakuna kijiko kilichosogea. Rasik aliinua uso wake kwa mara ya kwanza, na uso huo ulikuwa umejaa hofu. Blandina aligeuka kumtazama Bibi wa Kilima, akaona kitu ambacho hakudhani kinawezekana: yule Bibi alikuwa anatetemeka, majani ya gauni lake yanadondoka moja moja.

"Mtoeni hapo," alinong'ona. "Mtoeni, hicho ni kiti cha mume wangu. Amekwenda kuwinda."

Lakini hakuna aliyethubutu kukigusa, maana nje, juu ya kilima, mbwa wa mwindaji walikuwa wameanza kubweka, na walikuwa wakikaribia.